Bendera Ndogo Katika Kiini cha Kompyuta

Kila simu ya Android iliyo mfukoni mwa mtu ina kiini cha Linux ndani yake, na nyingi kati ya kompyuta kubwa zinazohudumia mtandao wa intaneti zaendeshwa na kiini hicho hicho. Kilianzwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa miaka 21 katika chuo kikuu cha Helsinki. Kiini ni ile sehemu ya ndani kabisa ya programu za kompyuta: ndicho kinachogawa kazi, na ndicho kinachopokea pakiti za habari kutoka kwenye mtandao na kuzifikisha kwa programu zinazozingoja. Nataka kuwaeleza wasomaji habari ya kitu kimoja kidogo sana kilichomo humo, nacho ni bendera. Bendera moja huchukua biti moja tu, yaani 0 au 1, lakini imewasumbua watu wenye akili kwa miaka mingi, na hata leo haijaacha kuwasumbua.

Bendera hapa maana yake ni alama. Kiini huandika 1 mahali fulani kusema, "Kazi hii imekwisha shikwa," au, "Mlango huu umefungwa," au, "Kuna programu imelala hapa, ikingoja." Zamani, kompyuta ilipokuwa na prosesa moja, shida zilikuwepo lakini zilikuwa chache. Siku hizi hata simu ya bei nafuu huwa na prosesa 4 au 8, zote zikifanya kazi wakati mmoja na zote zikisoma na kuandika katika kumbukumbu moja. Basi bendera moja yaweza kuguswa na mikono mingi kwa nukta ile ile.

Msomaji atauliza, ikiwa bendera ni 0 au 1 tu, shida iko wapi? Shida ni kwamba prosesa kwa kawaida haigusi biti moja peke yake. Huchukua neno zima, biti 32 au 64 kwa pamoja, hulisoma, hubadili biti inayoitaka, kisha hulirudisha neno zima mahali pake. Chukua mfano wa ubao wa zamu uliotundikwa mlangoni pa bweni. Tuseme una safu ya alama nane, na sheria ni kwamba atakaye kubadili alama moja hana budi kuinakili safu yote kwenye karatasi, abadili alama yake katika karatasi, kisha aifute safu ubaoni na kuiandika upya kama ilivyo katika karatasi yake. Kiranja wa maji ananakili. Kiranja wa taa naye ananakili. Wa maji anaandika safu yake, na alama ya maji imo. Halafu wa taa anafuta na kuandika ya kwake, aliyoinakili mapema, na alama ya maji imepotea! Wote wawili wamefuata sheria, wala hawakuigusa alama moja. Hili ndilo lililonistaajabisha nilipoanza kusoma mambo haya, ya kwamba bendera mbili zisizohusiana hata kidogo zaweza kuharibiana kwa sababu ya ujirani tu.

Wako wanaoliona jambo hili kuwa ni mchezo wa mafundi. Kati ya mwaka 1985 na 1987 mashine ya kutibu saratani kwa miale, iitwayo Therac-25, iliyotengenezwa Kanada, iliwapiga wagonjwa 6 wa Kanada na Marekani miale mingi kupita kiasi, na baadhi yao walikufa. Katika ajali ya Januari 1987, mjini Yakima, sababu ilikuwa bendera. Sehemu moja ya programu ilitakiwa kuifanya bendera isiwe 0, ili sehemu nyingine ikiiona ifanye ukaguzi. Badala ya kuiandikia 1, kila mara waliiongeza 1. Bendera ilikuwa na nafasi ya baiti moja, na baiti moja haipiti 255, kwa hiyo mara ya 256 ilirudi kuwa 0. Mhudumu alipobonyeza kitufe kwa nukta hiyo hiyo, ukaguzi ulirukwa. Programu ile haikuwa ya mtandao, lakini namna ya kosa ni ile ile: sehemu mbili zinashiriki alama moja, na saa nyingi hakuna linalotokea, mpaka nukta zikutane.

Sasa turudi kwenye Linux. Dawa ya kwanza ambayo kila mtu huifikiria ni kufuli. Prosesa inayotaka kugusa bendera hushika kufuli kwanza, hufanya kazi yake, kisha huliachia, nyingine hungoja. Toleo 2.0 la mwaka 1996, lililokuwa la kwanza kuruhusu prosesa nyingi, lilifanya hivyo kwa njia rahisi kuliko zote: kufuli moja kubwa kwa kiini kizima. Usalama ulikuwepo, lakini prosesa nne zilizokuwa na kazi ndani ya kiini zilikuwa kama watu wanne wenye jembe moja. Kazi ya kulivunja kufuli lile na kuweka makufuli madogo mahali pake ilichukua miaka 15. Mabaki yake ya mwisho yaliondolewa mwaka 2011.

Kwa nini basi tusiweke kufuli dogo kwa kila bendera, tukalala usingizi? Tufanye hesabu. Waya wa mtandao wenye kasi ya biti bilioni 10 kwa sekunde si kitu cha ajabu siku hizi. Pakiti ndogo kabisa, pamoja na nafasi inayotakiwa kati ya pakiti na pakiti, huchukua baiti 84 katika waya. Gawa mwenyewe: zapita pakiti milioni 14.88 kwa sekunde. Kila pakiti inapewa nanosekunde 67 tu, na nanosekunde ni sehemu moja katika bilioni ya sekunde. Prosesa yenye mapigo bilioni 3 kwa sekunde hupiga mapigo 200 hivi katika muda huo. Na kwenda kuchukua neno moja katika kumbukumbu kuu, ikiwa halimo karibu, kwaweza kuula muda huo wote. Hapo utaona kwamba kila kufuli linaloshikwa bila haja limekatwa kutoka katika fungu dogo sana.

Dawa ya pili ni amri za atomiki. Hizi ni amri za pekee ambazo prosesa huzifanya bila kukubali mtu kuingia kati: soma, badili, rudisha, yote kama tendo moja. Viranja wetu wawili wangetumia amri hizo, alama ya maji isingepotea. Iko nyingine yenye manufaa zaidi, iitwayo jaribu-na-weka. Hii huweka 1 na papo hapo hukuambia palikuwa na nini kabla yako. Ukiambiwa 0, wewe ndiwe uliyeshinda na kazi ni yako. Ukiambiwa 1, mwenzako amekutangulia. Hata prosesa 100 zikijaribu pamoja, mshindi ni mmoja.

Lakini amri ya atomiki nayo ina bei, na bei yake haionekani katika maandishi ya programu. Kila prosesa ina ghala yake ndogo, iitwayo kache, ambamo huweka nakala za vitu inavyovitumia mara kwa mara. Kache haichukui neno moja moja. Huchukua mstari mzima, ambao katika prosesa za kawaida za Intel na AMD ni baiti 64. Prosesa ikitaka kuandika katika mstari, lazima iwe nao peke yake, na nakala walizo nazo wenzake zote hubatilishwa. Bendera inayoandikwa na prosesa nane kwa zamu huusafirisha mstari ule huku na huku mchana kutwa. Na ikiwa katika mstari huo huo mna kitu kingine kinachosomwa na watu wote, nacho chasafirishwa pamoja, ingawa hakina hatia.

Kwa sababu hiyo katika programu za mtandao utakuta jambo linaloonekana kama upuuzi: kabla ya kuandika 1, kiini hutazama kwanza kama 1 imo tayari, na ikiwa imo hakiandiki. Mfano mzuri ni alama moja iliyomo katika soketi, ule mlango ambao programu hupokelea habari za mtandao. Alama hiyo husema, "Jirani tunayempelekea pakiti bado yu hai, maana jibu lake limefika." Kuisoma ni rahisi, kwa kuwa nakala yaweza kukaa katika kache za wengi pamoja, kuiandika ndiko kwenye gharama. Tena bendera hii haina kufuli wala amri ya atomiki. Mwandishi wake alijiuliza, ikipotea mara moja, kutakuwa na hasara gani? Hasara ni kwamba huenda kiini kikamwuliza jirani tena kama yupo. Basi aliiacha huru. Mimi nawasifu wale walioamua hivyo kuliko wale wanaofunga kila kitu, kwa sababu waliihesabu hasara kabla ya kulipa.

Mpaka hapa nimesema habari ya bendera moja. Mambo huwa magumu zaidi pakiwa na vitu viwili, na mpangilio wa kuvitazama ukawa na maana.

Fikiri mtu anayengoja barua, na tarishi anayeileta. Mwenye kungoja hufanya mambo mawili: kwanza huandika jina lake katika orodha ya waliolala, kisha hutazama sandukuni mara ya mwisho. Likiwa tupu, hulala. Tarishi naye hufanya mawili: kwanza hutia barua sandukuni, kisha hutazama orodha ili amwamshe aliyelala. Ukizipanga hatua hizi nne kwa kila namna, utaona hawawezi kukosana. Ama mwenye kungoja ataiona barua, ama tarishi ataliona jina. Hata hivyo katika Linux walikosana!

Sababu yake ni hii. Prosesa ikiandika, andiko lake halifiki mara moja mahali ambapo wengine wataliona. Hukaa kwanza katika kimfuko cha prosesa yenyewe, na prosesa huendelea na hatua inayofuata. Basi jina la mwenye kungoja lilikuwa bado mfukoni alipotazama sanduku, na habari ya barua ilikuwa bado mfukoni mwa tarishi alipotazama orodha. Wa kwanza aliona sanduku tupu, akalala. Wa pili aliona orodha haina mtu, akaenda zake. Barua imo sandukuni, na mwenyewe amelala juu yake. Na kama hakuna barua nyingine itakayokuja, atalala milele. Jambo hili liligunduliwa katika sehemu ya TCP, ambayo hubeba kazi nyingi za intaneti, na mwaka 2009 dawa ilitiwa: amri iitwayo kizuizi, inayosema, "Usisome cha mbele mpaka uliyoyaandika yaonekane na wote." Yapasa kizuizi kiwekwe pande zote mbili. Kikiwekwa upande mmoja tu hakifai kitu, kwa sababu yule mwingine bado ana mfuko wake. Na kizuizi chasimamisha prosesa kwa mapigo mengi, nacho sasa kimo katika njia ambayo pakiti hupitia. Sijui msomaji angechagua nini. Mimi naona kwamba programu iliyolala huku barua yake imefika ni ubaya mkubwa kuliko pakiti iliyochelewa kidogo.

Ujue pia kwamba prosesa hazilingani katika jambo hili. Zile za Intel na AMD, katika kazi za kawaida, huruhusu mpinduko wa namna hii mmoja tu, yaani andiko kuchelewa hadi usomaji unaofuata umekwisha kufanywa. Za ARM, ambazo ndizo zilizomo katika simu karibu zote, huruhusu mipinduko zaidi. Programu yaweza kujaribiwa mezani miaka mitatu bila tatizo, kisha ikakosea ndani ya simu.

Hadithi nyingine ninayoipenda ni ya mwaka 2017. Kadi ya mtandao ikipata pakiti, hupiga hodi kwa prosesa. Lakini pakiti zikija kwa mamilioni, hodi zenyewe zingemaliza nguvu zote za prosesa. Kwa hiyo baada ya hodi ya kwanza kiini huinyamazisha kadi, kisha huenda chenyewe kuchota pakiti kwa mafungu, kwa kawaida zisizozidi 64 kwa mara moja. Pana bendera inayosema, "Uchotaji umeshikwa," nayo hushikwa kwa jaribu-na-weka, ili wasiende wachotaji wawili. Tangu mwaka 2013 programu yenyewe nayo yaweza kwenda kuchota bila kungoja hodi, jambo linalopunguza ucheleweshaji.

Mhandisi mmoja wa kiini, Eric Dumazet, aliona kwamba pakiti chache sana zilifika kwa TCP zikiwa zimechelewa nanosekunde milioni 200 hivi, yaani sehemu moja ya tano ya sekunde. Kadi ilikuwa imezipiga muhuri wa saa, kwa hiyo alijua kwamba hazikuchelewa njiani. Zilichelewa ndani ya kompyuta yenyewe. Kumbuka fungu letu la nanosekunde 67, utaona kwamba katika muda huo zingepita pakiti karibu milioni 3. Ilitokea hivi: mchotaji mmoja ameshika bendera, ametazama kadi, ameiona tupu, na sasa yuko karibu kuiachia bendera. Papo hapo pakiti yaingia na kadi yapiga hodi. Prosesa nyingine yaja, yajaribu bendera, yaiona imeshikwa, yasema, "Vema, yupo mwenye kazi," na kuondoka. Mchotaji naye anaachia bendera na kwenda. Pakiti imebaki, na hodi imekwisha tumika.

Kufuli lingeweza kulimaliza jambo hili, lakini hakulitumia. Aliongeza bendera ya pili, yenye maana ya "kuna hodi iliyokosa mtu". Anayekuta kazi imeshikwa huacha alama hiyo kabla ya kuondoka. Na mwenye kazi, anapotaka kuachia, huitazama, na akiikuta harudi nyumbani bali huchota tena. Lakini bendera hizi mbili lazima zibadilike pamoja, la sivyo ufa ule ule utahamia kati yake. Kwa hiyo zimewekwa katika neno moja, na hubadilishwa kwa amri ya linganisha-na-badili, inayosema, "Ikiwa neno hili bado ni kama nilivyolisoma, weka hili, ikiwa limebadilika, kataa, nami nitatazama tena." Ule ujirani uliowaharibia viranja wetu hapa umegeuzwa kuwa faida. Na bei yake hulipwa mwisho wa fungu la pakiti, si kwa kila pakiti.

Ujirani mbaya nao uliendelea kushughulikiwa. Soketi ina chaguo nyingi ambazo programu yaweza kuziwasha au kuzizima, na kwa miaka mingi nyingi kati ya hizo ziliwekwa kama biti jirani katika neno moja, zikibadilishwa kwa njia ya kawaida ya kunakili na kuandika upya. Mradi kila mwandishi ashike kufuli la soketi, hapana hatari. Lakini mtu mmoja akiandika bila kufuli, anaweza kufuta ya jirani. Mwaka 2023 chaguo nyingi za namna hiyo zilihamishiwa katika neno lingine, ambalo hubadilishwa kwa amri za atomiki, na tangu toleo 6.6 baadhi yake zabadilishwa bila kufuli la soketi kabisa. Zingeweza pia kupewa baiti moja kila moja, jambo ambalo ni rahisi zaidi kulielewa. Lakini kompyuta kubwa yaweza kuwa na soketi milioni moja, na baiti 20 mara milioni moja si nafasi ndogo.

Limebaki jambo la kompaila, yaani programu inayofasiri maandishi ya mwanadamu kuwa amri za prosesa. Kompaila ina bidii nyingi. Ikiona bendera inasomwa tena na tena katika mzunguko, na mle ndani hakuna anayeiandika, yaweza kuamua kuisoma mara moja tu, kisha kuzunguka milele kwa kutumia jibu lile la kwanza. Haijui kwamba prosesa nyingine itaibadili. Dawa yake ni kuandika katika programu alama yenye maana ya "soma hasa kumbukumbu, mara moja, kila nikikuambia". Alama hiyo karibu haina gharama. Lakini haizuii viranja wawili kufutiana, na wengi huitumia wakidhani inazuia.

Je, makosa haya hupatikana vipi, ikiwa hutokea mara moja katika mamilioni? Toleo 5.8 la mwaka 2020 lilipata chombo kiitwacho KCSAN. Huchagua hapa na pale tendo moja la kusoma au kuandika, huweka ulinzi mahali hapo pa kumbukumbu, na huichelewesha prosesa hiyo kidogo kwa makusudi. Prosesa nyingine ikipagusa mahali pale katika muda huo, na mmoja wao akiwa anaandika bila alama ipasayo, chombo hupiga kelele na kuwataja wote wawili. Kelele nyingi zilikuwa za bendera kama ile ya jirani yu hai, ambazo zikikosea hakuna adhara. Lakini chombo hakiwezi kujua hivyo, wala msomaji wa programu baada ya miaka kumi hawezi. Kwa hiyo sasa mwandishi wa kiini akipelekewa taarifa ya bendera yake, ana njia tatu: ailinde, au aitie alama ya kusoma na kuandika mara moja, au aandike kando yake kwamba shindano hili analijua, ameliacha kwa makusudi, na sababu ni hii. Katika orodha za marekebisho ya kila toleo jipya utakuta nyingi za namna hiyo, mstari mmoja au miwili kila moja, na sehemu ya mtandao yazo zake kwa wingi.